Ghafla: Je, Mtu Ana Wajibu wa Kuujua Moyo Wake?

Neno linalosikika zaidi katika misiba ya siku hizi ni "ghafla". Huku Nakaloke, mji mdogo ulio kaskazini mwa jiji la Mbale katika barabara iendayo Kumi na Soroti, habari ya kifo hufika kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa simu na kwa midomo ya waendesha bodaboda. Kabla kaburi halijachimbwa, watu huwa wameshaulizana umri wa marehemu. Akiwa na miaka 80, waombolezaji hutikisa vichwa, huomba dua na kusema kwamba ameishi. Akiwa na miaka 45 au 52, mazungumzo hubadilika. "Jana tulikuwa naye sokoni." "Alikunywa chai, akalala." "Hakuwa na ugonjwa wowote." Kisha hufuata maneno yanayofunga kila mjadala: moyo ulisimama, ghafla.

Hofu hii si ya watu wa umri huo peke yao. Sisi wanafunzi wengi wetu tuna miaka 20 na kitu. Wanaotulipia karo wana miaka 40 hadi 60. Wahadhiri wanaotufundisha nao wamo katika umri uo huo. Simu ikilia bwenini saa nane za usiku, hakuna anayedhani ni habari njema. Kwa hiyo ninapoandika juu ya hofu ya mshtuko wa moyo miongoni mwa watu wa makamo, naandika juu ya watu ambao maisha yetu yamewaegemea.

Swali la insha hii ni la maadili, si la utabibu. Je, mtu aliyefika umri wa makamo ana wajibu wa kujua hali ya moyo wake, au ana haki ya kuishi bila kujua? Na kama ana wajibu huo, anaudaiwa na nani, na unaishia wapi? Nitajaribu kuonyesha kwamba wajibu huo upo, lakini si wa mtu mmoja kama tunavyozoea kuufikiria, na kwamba sehemu yake moja iko mikononi mwetu sisi tunaolipiwa karo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Moyo ni msuli unaopiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kama msuli mwingine wowote, nao unahitaji damu ya kuulisha, na huipata kwa mishipa yake maalumu. Kwa miaka mingi mafuta na uchafu mwingine hujijenga katika kuta za mishipa hiyo. Siku moja ukuta hupasuka, damu huganda mahali hapo, na sehemu ya msuli hukosa chakula. Huo ndio mshtuko wa moyo. Moyo kusimama ni jambo jingine: ni pale mpangilio wa umeme unaouongoza moyo unapovurugika, nao ukaacha kusukuma damu. La kwanza linaweza kuleta la pili, lakini si lazima. Wapo watu wanaopata mshtuko wa moyo na kukaa saa kadhaa wakisikia kifua kikibanwa, maumivu yakienda mkononi, mgongoni au tayani, jasho likiwatoka na pumzi ikiwapungukia. Hao, wakifikishwa hospitali mapema, wanaweza kuokolewa. Tunapoyaita yote "moyo ulisimama", tunajinyima hata zile saa ambazo tungeweza kuzitumia.

Basi kilicho cha ghafla ni mwisho. Safari yenyewe huchukua miaka 10 au 20. Sisi wa mashariki mwa Uganda tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, Bududa, ukafukia nyumba na watu kwa muda mfupi sana. Aliyekuwa amesimama ng'ambo aliona jambo la ghafla. Lakini mvua ilikuwa imeushibisha udongo kwa muda mrefu, na miteremko ile mikali ilikuwa imekatwa miti na kulimwa kwa miaka. Udongo haukuamua siku ile. Sisi ndio tulioanza kuuangalia siku ile. Vivyo hivyo kwa moyo: neno "ghafla" halielezi ugonjwa ulivyokwenda, linaeleza mahali tulipokuwa tumesimama tukitazama.

Jambo la pili ni kwamba hofu hii ina historia, na historia yake imeandikwa kwa sehemu kubwa hapa hapa Uganda. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago waliutafuta ugonjwa wa mishipa ya moyo miongoni mwa Waafrika na wakaukosa. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa takriban miaka 30, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1956 taarifa ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huo, na taarifa ya mgonjwa mmoja ilitosha kuwa habari ya kitabibu. Mwaka 1959 Shaper na Jones, waliokuwa Kampala, waliandika kwamba ugonjwa huo karibu haukuwapo miongoni mwa Waafrika wa Uganda, ilhali miongoni mwa Waasia wa Uganda ulikuwa tatizo kubwa. Mwaka 1960 ukachapishwa ulinganisho wa maiti zilizochunguzwa: kati ya 632 za Uganda, alama za mshtuko wa moyo wa zamani zilionekana katika moja tu, kati ya idadi kama hiyo, za umri kama huo, huko St. Louis nchini Marekani, zilionekana katika 136.

Tufikiri maana ya habari hizi. Waafrika na Waasia wa miji kama Jinja na Mbale waliishi chini ya anga moja, wakanywa maji ya mito ile ile, wakapita barabara moja kwenda sokoni. Lakini hawakula chakula kimoja, hawakufanya kazi moja, na hawakuketi kwa muda ulio sawa. Leo wajukuu wa wale Waafrika wanazikana kwa ugonjwa ambao babu zao hawakuwa na jina lake. Wapo wanaosema hiyo ni laana, wapo wanaosema ni dunia kuisha. Lakini damu ya ukoo haibadiliki katika vizazi viwili. Kinachobadilika ni maisha: jembe kuachwa na kiti kushikwa, mguu kuachwa na bodaboda kupandwa, mtama na mboga za majani kupisha chapati na vitu vya kukaanga, sukari kuongezwa chaini, chumvi kunyunyizwa mezani juu ya ile iliyokwisha kutiwa chunguni, sigara, pombe, na usingizi mchache wa mtu mwenye madeni.

Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 52 na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mambo tisa yanayoweza kupimwa au kubadilishwa, yakiwemo sigara, presha, kisukari, mafuta ya damu, unene wa tumbo, msongo wa mawazo na kutotumia mwili, yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo. Hata wazo kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri limepitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Na sisi je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Uganda ana presha ya juu. Miongoni mwa hao, waliokuwa wakijua kwamba wanayo hawakufika 1 kati ya 10. Utafiti mwingine uliofanyika Iganga na Mayuge, wilaya zilizo kati ya Jinja na huku kwetu, uliwapima watu wa miaka 35 hadi 60, yaani umri ule ule tunaouzungumzia, na ukakuta presha ya juu kwa takriban 1 kati ya 5. Presha haina kelele. Haiumi kama jino wala haichomi kama malaria. Ndiyo maana jirani anaweza kusema kwa moyo safi kwamba marehemu "hakuwa na ugonjwa wowote". Alikuwa nao, aliyekosekana ni mtu wa kumfunga ile mashine mkononi.

Hapa ndipo swali la maadili linapoanza. Mtu anaweza kusema: sawa, watu hawajui, lakini kutojua si dhambi. Nakubali kwamba kutojua peke yake si kosa. Lakini kutojua hakukai peke yake. Mahali ambapo sababu haijulikani, hofu hutafuta mtu wa kumbebesha.

John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya aliyefundisha Makerere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika kifo huwa na sababu mbili: ile ya mwili, na ile ya aliyekileta. Mtu anaweza kujua kwamba ndugu yake alifariki kwa malaria na bado akauliza ni nani aliyemtuma mbu. Sioni aibu katika swali hilo. Ni njia ya kusema kwamba kifo cha mtu si jambo dogo. Lakini swali hilo likikosa jibu la kwanza, jibu la pili hukua mpaka likajaza nyumba yote.

Tumeliona hata katika vifo vya wakubwa. Jenerali Aronda Nyakairima, waziri wa mambo ya ndani wa Uganda, alifariki ndani ya ndege mwezi Septemba 2015, akiwa na miaka 56. Serikali ilitaja moyo. Mitaani watu walitaja sumu. Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga wa Kampala alikutwa amefariki chumbani mwake tarehe 3 Aprili 2021, siku moja baada ya kushiriki ibada ya Ijumaa Kuu hadharani. Uchunguzi wa maiti ulitaja mshtuko wa moyo; minong'ono haikukoma. Kenya nako, waziri Joseph Nkaissery alipofariki ghafla mwezi Julai 2017 na madaktari wakataja moyo, wengi walikataa kuamini. Sina haja ya kumcheka yeyote. Katika nchi zilizokwisha kuona wakubwa wakiuawa, shaka ina sababu zake. Nataka tu tuone kwamba kama kifo cha waziri, kilichochunguzwa na madaktari na kutangazwa na serikali, hakikuepuka minongo'no, basi kifo cha muuza duka wa Nakaloke, ambaye hachunguzwi na mtu, kitaepukaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume wa miaka 48 ana duka la vifaa vya ujenzi. Presha yake imekuwa juu kwa miaka 9 bila kupimwa. Usiku mmoja anakula ugali na nyama, analalamika kifua, anaanguka. Asubuhi swali la kwanza si presha ilikuwa ngapi. Swali la kwanza ni: nani alipika? Mjane, ambaye bado hajamaliza kulia, anaanza kutazamwa. Dada wa marehemu wanahesabu mabati ya dukani. Mke wa pili anasemwa kuwa alikwenda kwa mganga, au wa kwanza anasemwa kwa wivu. Baada ya arobaini, mjane yuko kwao na watoto wamegawanywa. Hakuna aliyemuua mtu huyu, lakini sasa nyumba nzima imepatwa na hatia. Kutojua kwake hakukumdhuru yeye tu. Kulimwachia mkewe kesi isiyo na hakimu.

Kwa sababu hiyo nadhani wajibu wa kujua upo, nao tunawadaiwa na wale watakaobaki. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Epicurus, alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu, kwa kuwa tunapokuwapo sisi chenyewe hakipo, na kinapokuja sisi hatupo tena. Hoja hiyo inaweza kumfariji mtu anayeishi peke yake katika bustani. Haimfariji mtoto wa darasa la sita. Kifo cha baba huenda si kitu kwa baba, lakini ni kitu kwa kila anayemtegemea, na katika jamii zetu wanaomtegemea mtu wa miaka 50 huwa wengi: watoto wake, wa nduguye marehemu, mama yake mzee, na wakati mwingine mwanafunzi wa chuo. Mtu wa makamo ni nguzo inayobeba paa la vizazi viwili. Hawezi kuizungumzia nguzo hiyo kana kwamba ni mali yake peke yake.

Kuna pingamizi tatu ninazozisikia mara kwa mara, na hazistahili kupuuzwa.

Pingamizi la kwanza ni la imani. Wengi huku Nakaloke ni Waislamu, na hata majirani zetu Wakristo husema vivyo hivyo kwa maneno yao: siku imeandikwa, haisogezwi mbele wala nyuma kwa kipimo cha daktari. Mimi sibishani na imani hiyo. Nauliza tu kama ndivyo tunavyoishi katika mambo mengine. Muumini huyo huyo hufunga duka lake kwa kufuli usiku, na hulala ndani ya chandarua. Mafundisho ya Kiislamu yana kisa mashuhuri cha mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Kama ngamia hufungwa, na duka hufungwa, sioni kwa nini moyo uachwe wazi. Kutegemea si kinyume cha kujua.

Pingamizi la pili linasema kujua kwenyewe ni ugonjwa. Aliyekuwa akilala vizuri akiambiwa presha yake ni 160 juu ya 100, halali tena. Kila mpigo anausikiliza. Kifua kikibanwa kwa gesi anadhani ni mwisho. Kuna ukweli hapa: hofu yenyewe huupigisha moyo mbio na kuikata pumzi, na watu wengine hukimbizwa hospitali kwa hofu tupu. Lakini tuulize ni nani hasa anayeteswa na hofu ya namna hii. Mara nyingi si aliyepimwa. Ni yule aliyezika rafiki watatu wa rika lake na hajathubutu kupimwa, akabaki na moyo ambao unaweza kuwa mzima au mbovu, naye anauogopa kana kwamba ni mbovu kila siku. Wajibu ninaousema si wa kuusikiliza moyo usiku kucha. Ni wa kujua kiasi cha kutosha kutenda, kisha kulala. Namba mbili za presha, sukari ya damu, na habari za ukoo: waliotutangulia walifariki na nini, na wakiwa na umri gani. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mwaka.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo ni la umaskini. Hakuna wajibu pasipo uwezo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 matibabu katika vituo vya serikali nchini Uganda hayalipiwi. Lakini kila anayekwenda kituoni anajua siku ambazo mashine imeharibika au dawa zimekwisha, na akaandikiwa karatasi ya kwenda kununua. Dawa ya presha si kama ya malaria, inayomalizika kwa siku tatu. Humezwa kila siku, mwaka huu na mwaka ujao. Mshtuko wenyewe ukitokea, Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Kumwambia mtu "jua moyo wako" bila kumpa njia ya kuutibu ni kama kumwonyesha nyumba yake inaungua na kumnyima maji.

Ukweli huu unaubadilisha wajibu, lakini hauufuti. Unasema kwamba wajibu wa mtu kujua unavuta nyuma yake wajibu wa wengine. Serikali inayotangaza siku ya kitaifa ya mazoezi, kama ilivyoanza kufanya Uganda mwaka 2018, inapaswa pia kuona aibu kituo kinapokosa vidonge vya bei ndogo. Msikiti na kanisa, vinavyokusanya watu kila wiki, vinaweza kuweka mashine moja ya presha mlangoni na muuguzi mmoja wa kujitolea. Mwajiri anayewaketisha watu saa kumi kwa siku ana deni kwa migongo yao na mioyo yao.

Na sisi? Hapa nafika kwenye sehemu ya swali ambayo naona wanafunzi hatuizungumzi. Tunapenda kudhani kwamba wazazi wetu hawapimi kwa sababu hawakusoma. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wengine waliopimwa, wanaojua, na ambao kila mwanzo wa muhula huweka mbele yao mambo mawili: dawa za miezi minne na salio la karo. Huchagua karo. Kisha hawasemi, kwa sababu mzazi akisema "nimeacha dawa ili usome", mtoto hawezi tena kusoma kwa raha. Ukimya huo ni upendo, na mimi siwezi kuuita kosa. Lakini unatuweka sisi katika hali ya ajabu: tunapokea zawadi ambayo bei yake tumefichwa.

Je, kupokea bila kuuliza ni haki? Nadhani hapana. Mtoto mdogo hana wajibu wa kujua chakula chake kimetoka wapi. Mtu wa miaka 22 anao. Kama wazazi wetu wanadaiwa na sisi kuujua moyo wao, sisi nasi tunadaiwa na wao kuuliza, na kuuliza kwa namna inayoruhusu jibu la kweli. Hilo halitokei kwa simu ya dakika mbili inayoanza na "Mama, shikamoo" na kuishia na "wamesema mwisho wa kulipa ni Ijumaa". Linataka kuketi. Huenda jibu likawa zito: muhula mmoja wa kuahirisha, kazi ndogo ya likizo, ndugu wengine kuitwa wachangie. Katika utamaduni wetu tunachanga kwa ajili ya harusi na tunachanga kwa ajili ya mazishi. Sijaona kwa nini tusichange kwa ajili ya vidonge, ambavyo ni nafuu kuliko sanda, sufuria na turubai.

Limebaki swali la mpaka wa wajibu huu. Kila wajibu una hatari ya kugeuka fimbo. Tukisema kwamba mtu ana wajibu wa kuutunza moyo wake, kesho tutasimama matangani na kusema: alijitakia, alikuwa akila sana, tulimwambia. Hilo ni tendo baya, na pia ni hoja mbaya. Wapo waliopima, wakatembea, wakaacha chumvi, na bado moyo ukawaacha. Mambo tisa yanaeleza sehemu kubwa ya hatari katika kundi la watu. Hayamwelezi mtu mmoja aliyelala ndani ya jeneza. Kujua hupunguza uwezekano, hakutoi ahadi. Kwa hiyo nasema wajibu huu una mwisho wake, nao ni kaburi. Kabla ya hapo tuna haki ya kumsumbua baba, kumbembeleza, hata kumfuata na mashine sebuleni. Baada ya hapo hatuna tena la kumwambia isipokuwa dua. Na kwa mjane wake hatuna haki ya kuuliza nani alipika.

Nahitimisha kwa jibu langu. Mtu wa makamo ana wajibu wa kuujua moyo wake, kwa sababu kifo chake kitabebwa na wengine. Wajibu huo unapungua kadiri njia za kutibiwa zinavyopungua, na unapopungua kwake hauanguki chini, unahamia kwetu: serikali, mwajiri, waumini wenzake, na watoto wake wakubwa. Hofu tuliyonayo leo si ya kuonewa aibu. Babu zetu hawakuwa nayo kwa sababu hawakuwa na ugonjwa huu. Sisi tunao, na hofu yetu ni ya kweli. Kinachobaki ni kuipeleka mahali panapostahili, yaani kwenye kiti cha kupimia, badala ya kuipeleka kwenye chungu cha mjane.

Likizo iko karibu. Wengi wetu tutapanda matatu kurudi nyumbani, wengine Jinja, wengine Kumi, wengine hapa hapa Nakaloke kwa miguu. Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Jioni moja, baada ya chakula, kabla ya kutaja karo ya muhula ujao, mwulize mzazi wako mara ya mwisho alipimwa presha lini, na dawa zake zimebaki ngapi. Akikwepa, usiondoke. Ongeza chai, bila sukari nyingi, na uulize tena.